Kabla ya Kuweka Dole Gumba

Kahawa inapotoa maua, wanunuzi wa butura huanza kupita mashambani. Aliyekulia Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, hahitaji kuelezwa. Mnunuzi anafika jioni, anazunguka shamba mikono nyuma, anakadiria miti kwa macho, kisha anakuachia fedha ya ada ya mtoto au ya msiba uliokuangukia. Kahawa ikiiva, ni yake. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi na bado haijaisha, kwa kuwa shida haisubiri msimu. Watu husema ubaya wake ni bei ndogo. Mimi naona ubaya mkubwa zaidi ni kukubali kabla kitu hakijapimwa, na ukishakubali hakuna atakayerudi kukuuliza.

Nilikumbuka butura siku niliyoitwa kuwa shahidi wa damu.

Ilikuwa katika zahanati moja ya Kyerwa, msimu wa mvua. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyechemka usiku kucha. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, muuguzi akatoa dawa mseto, dozi ya kwanza ikamezwa palepale. Ndipo kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaeleza kwa upole kwamba kuna utafiti wa malaria unaendelea, na mtoto anaweza kushiriki kwa matone machache ya damu. Mama yule hajui kusoma. Kwa mtu wa namna hiyo taratibu za utafiti zinataka awepo shahidi asiye wa timu ya watafiti. Mimi nilikuwa nimekwenda kupima presha. "Shikamoo Mwalimu," jirani yangu akaniita, "njoo unisikilizie haya maneno."

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Kijana alisoma ya kwanza vizuri, ya pili kwa haraka, na ya tatu akaifunua na kuifunika huku akisema, "Hapa ni mambo ya maabara tu." Mama akabonyeza dole gumba kwenye wino wa zambarau, mimi nikaandika jina na kutia sahihi. Kidole cha mtoto kikachomwa. Matone matatu yakadondoshwa kwenye karatasi nyeupe nene yenye miduara iliyochapwa, yakaenea polepole hadi kwenye mstari kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Karatasi ikaandikwa namba, ikaachwa ikauke, kisha ikaingizwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki pamoja na kifuko cha punje za kufyonza unyevu. Damu iliyokaushwa hivyo haihitaji friji. Inasafiri kwa bahasha, na inaweza kusomwa miaka mingi baadaye.

Jioni, nikiwa na miwani yangu na taa, nikamwomba mama nakala aliyopewa. Ukurasa wa tatu ulisema sampuli itakayobaki itatunzwa kwa ajili ya tafiti za baadaye, na kwamba inaweza kupelekwa maabara nje ya nchi. Mbele ya kila jambo palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Vya Ndiyo vyote vilikwisha kutiwa alama ya vema. Hakuna aliyekuwa ametuuliza. Nami ninayemlaumu kwanza ni huyu mwenye miwani.

Siandiki haya ili uwakimbie watafiti. Nilipomsimulia mzee mmoja tukiwa kwenye rubisi, alicheka akasema mumiani wa siku hizi wana fomu. Sote tumekulia kwenye hadithi hizo za wanyonya damu. Pwani walisema mumiani, Nairobi na Kampala enzi za mkoloni walisema wazimamoto, na mwanahistoria Luise White akaja kuandika kitabu kizima juu ya hadithi hizo mwaka 2000. Wapo wanaozicheka kama ushamba. Mimi sizicheki, maana ndani yake kuna lalamiko la kweli: damu inatoka, inaondoka na gari, hairudi, na hakuna anayekuja kusema ilifanya kazi gani. Ila dawa ya lalamiko hilo si kuficha watoto chumbani gari la utafiti likionekana barabarani. Dawa ni kuuliza, na kuuliza mapema.

Maana damu ya huku imefanya kazi kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, wakati watu bado wanauita ugonjwa huo Juliana. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, wakapima damu za watu wazima mkoa mzima. Bukoba Mjini walikuta maambukizi kwa karibu watu 24 katika kila 100. Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa na Kyerwa ndani yake, ilikuwa asilimia 4.5. Namba hizo ndizo zilizoonyesha moto ulikuwa umefika wapi.

Karibuni zaidi ni malaria. Mwaka 2021 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilikusanya matone kama yale ya mtoto wa jirani yangu kutoka mikoa mbalimbali, ikishirikiana na vyuo vikuu vya Marekani, ili kusoma vinasaba vya vimelea vya malaria. Kagera ikajitenga na mikoa mingine. Vimelea vya huku vilikutwa na badiliko linaloitwa R561H, ambalo huvifanya vichelewe kufa vinapokutana na artemisinin, yaani moyo wa dawa mseto. Mwaka uliofuata watafiti wakaja Karagwe kutibu watoto na kuwafuatilia, na baadhi yao siku ya tatu bado walikuwa na vimelea katika damu. Dawa iliwaponya walio wengi, ila kwa baadhi ilichelewa. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2024 katika jarida la Lancet Infectious Diseases, Deus Ishengoma wa NIMR akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi.

Ng'ambo ya mto Kagera somo ni zito zaidi. Wanyarwanda walitangaza badiliko hilohilo mwaka 2020, lakini walilikuta katika sampuli za miaka ya 2014 na 2015 zilizokuwa zimetunzwa. Zingetupwa mara tu baada ya kazi ya kwanza, tusingejua kwamba tatizo lilikuwa jirani yetu miaka yote hiyo. Kumbe kutunza damu si hila. Kuna siku karatasi iliyosahaulika kwenye droo inasema jambo ambalo hakuna aliyefikiri kuiuliza.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na ndipo nataka tukae kidogo. Unapoambiwa "tafiti za baadaye", unaombwa ukubali jambo ambalo hata anayekuomba halijui. Ni kahawa iliyo katika maua. Je, ukatae? Ushauri wangu ni kwamba usijibu kwa mkupuo. Ndiyo yako inagawanyika. Unaweza kukubali damu ipimwe malaria leo, ukakataa kutunzwa kwa kitakachobaki. Unaweza kukubali itunzwe, kwa utafiti wa malaria peke yake. Unaweza kukubali itunzwe nchini ukakataa isafiri, au ukakubali isafiri kwa sharti kwamba mtu akitaka kuitumia kwa jambo jingine akutafute kwanza. Fomu nyingi zimeandaliwa kwa visanduku hivyo kwa sababu taratibu za maadili zinavitambua. Kama fomu haina visanduku, uliza kwa mdomo kama inawezekana kukubali hili na kukataa lile, na jibu liandikwe. Pengine utaambiwa kwamba utafiti huu hauwezi kwenda bila sampuli kutunzwa. Sawa, hapo unakubali au unakataa ukiwa umejua.

Katika yote utakayouliza, swali moja lipe uzito kuliko mengine: mtasoma vinasaba vya nani, vya vimelea au vyangu? Kwenye tone lile yumo mdudu wa malaria na yumo mtoto. Vinasaba ni yale maandishi madogo yaliyomo katika karibu kila seli ya mwili, yanayobeba tunachorithi kwa baba na mama. Vinasaba vya kimelea vinasimulia habari za kimelea. Vinasaba vyako vinasimulia kama unabeba selimundu, na vinaweza kusimulia nani ni ndugu wa nani, hata nani si baba wa nani. Si habari zako peke yako basi. Ni za dada zako na wajukuu ambao hawajazaliwa, nao hawakuweka dole gumba popote. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu tangu mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti. Huhitaji kuzikariri. Inatosha kujua kwamba unapouliza hivyo humsumbui mtu, unasimama juu ya sheria.

Wahavasupai, watu wa jamii ndogo ya wenyeji wa Arizona, Marekani, wangetamani wangeuliza mapema. Katika miaka ya 1990 walitoa damu kwa chuo kikuu kimoja wakiamini ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Baadaye wakagundua damu hiyohiyo ilitumika kuchunguza magonjwa ya akili na asili ya kabila lao, mambo ambayo hawakuwahi kuambiwa na ambayo yaligongana na imani yao kuhusu walikotoka. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zilizobaki.

Sisi tunao mfano wetu wa karibu zaidi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Afrika Mashariki. Vipande vya uvimbe huo vilipakiwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ni ugunduzi mkubwa, na ulitoka katika taya za watoto wa huku. Miaka mitatu baadaye, kutoka kwenye uvimbe wa kijana wa Kenya wa miaka 16, zikaoteshwa seli ambazo hazifi. Zimeendelea kugawanyika tangu hapo, na maabara za dunia huziagiza kwenye orodha kama mtu anavyoagiza mbegu bora. Seli hizo zinaitwa Daudi. Sisemi kwamba aliyezichukua alikuwa mwizi. Enzi zile kipande kikishatoka kwa mgonjwa kilihesabiwa kuwa mali ya daktari, na wachache waliona haja ya kuuliza. Lakini huwa najiuliza: jina hilo limesomwa na maelfu ya wanasayansi, ni wangapi waliowahi kujua kwamba kwa Waswahili Daudi ni jina la mtu?

Turudi zahanati. Kabla ya yote, mtake mtu atenganishe matibabu na utafiti. Uliza waziwazi: "Damu hii ni ya kunitibu au ya utafiti?" Damu ya kukutibu inatolewa kwa sababu unaumwa, majibu ni yako, na daktari asipoipata hawezi kukusaidia. Damu ya utafiti unaitoa kwa hiari, kwa faida ambayo pengine itawafikia wengine. Ukikataa ya pili, ya kwanza haiguswi. Hupelekwi nyuma ya foleni, hunyimwi dawa, hununiwi. Anayekutisha kwa hilo amevunja kanuni iliyoandikwa kwenye fomu yake mwenyewe, kwa kawaida ukurasa wa kwanza au wa pili. Ugumu ni kwamba katika zahanati ya kijijini muuguzi anayetibu na anayekusanya sampuli wakati mwingine ni mtu mmoja, mwenye koti lilelile jeupe. Mwambie tu: "Dada, nimalizie kwanza ya kutibu, kisha unieleze hiyo nyingine."

Hospitalini mambo hujificha zaidi. Ukifanyiwa upasuaji na kipande cha nyama kikahitaji kuchunguzwa kama ni saratani, kutoka huku mara nyingi kitasafiri hadi Bugando, Mwanza. Huko hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na husomwa kwa darubini. Majibu yanarudi kwako. Tofali lile dogo la nta halirudi, linabaki kwenye makabati, na ni vizuri libaki kwa muda, kwani daktari anaweza kulihitaji tena ugonjwa ukirejea. Lakini sahihi uliyoweka kukubali upasuaji ni ya upasuaji. Kama kuna utafiti, pawe na karatasi yake na maelezo yake. Swali la kuuliza ni fupi: "Kitakachobaki baada ya majibu kitakuwaje?" Ni hivyohivyo kwa makohozi ya kifua kikuu, na kwa kondo la nyuma, ambalo watafiti wa malaria ya wajawazito hulihitaji na ambalo bibi zetu wanajua pa kulizika. Mama aliyejifungua dakika kumi zilizopita si mtu wa kusomewa fomu. Aulizwe kliniki, mimba ingali na miezi, akiwa ameshiba na mwenye akili tulivu.

Milipuko ya magonjwa ni jambo jingine. Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025, hapakuwa na nafasi ya kujadiliana kuhusu sampuli ya kuthibitisha ugonjwa, na sawa kabisa. Kipimo hicho kinalinda kijiji kizima. Ila dharura ikiisha, kutumia mabaki ya sampuli hizo kwa utafiti ni swali jipya linalohitaji kibali chake.

Kuhusu watoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa aulizwe naye. Akilia na kukataa kwa nguvu, muache. Katika wilaya zetu nyumba nyingi zinaongozwa na bibi, wengine tangu UKIMWI ulipochukua kizazi cha katikati. Bibi akiulizwa, ajibu tu kama ndiye mlezi wa kweli. Kama mama wa mtoto yupo Mwanza na ana simu, apigiwe. Nimeona shangazi aliyekuja kutembea tu akiweka dole gumba kwa niaba ya mtoto wa kaka yake.

Kisha karatasi. Utafiti wowote wa afya unaohusu binadamu Tanzania unatakiwa uwe umepitiwa na kamati ya maadili, na kibali kina namba na tarehe ya mwisho. Timu inayoingia wilayani hupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha hufika kwa mtendaji wa kijiji ikiwa na barua. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji aione. Na kama sampuli zitatoka nchini, pawe na mkataba wa kuzihamisha, unaosema zinakwenda wapi, kwa kazi gani na nini kitafanyika zikimaliza kazi. Sisi watu wa mpakani tunalielewa hili upesi. Kahawa ikivuka Murongo bila kibali tunaiita magendo, hata kama aliyeibeba ni mtu mwema.

Usiondoke bila nakala yako. Ukipeleka kahawa chama cha msingi, huondoki bila stakabadhi. Fomu ndiyo stakabadhi ya damu, na kilicho cha thamani zaidi juu yake ni namba ya ushiriki. Fomu zote husema unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Ni kweli, lakini kuna jambo ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha. Sampuli yako haina jina, ina namba. Maadamu kuna daftari mahali linalounganisha namba na jina, unaweza kusema "ondoeni yangu", ikatafutwa na kuharibiwa. Daftari likishaharibiwa, au matokeo yakishachapishwa, hakuna atakayeweza kuichomoa yako kati ya maelfu. Kwa hiyo uliza: muungano huo wa jina na namba utadumu hadi lini? Ukitaka kubadili nia, fanya mapema. Simu za mtafiti mkuu na za kamati ya maadili zimo kwenye fomu, na zikikosekana, hilo peke yake ni sababu tosha ya kutoweka dole gumba.

Fedha nitazipitia haraka. Utapewa nauli, pengine sabuni au kinywaji. Hiyo ni fidia ya siku yako, si bei ya damu. Kiasi kikiwa kikubwa hadi kikufanye usisikilize maelezo, hapo jihadhari, kwa maana umeshaingia kwenye butura. Kama fomu inasema hutapata kitu hata ikitengenezwa dawa ya kuuzwa, usitie sahihi ukitumaini vinginevyo. Faida ambayo kijiji kinaweza kuidai bila aibu ni habari. Watafiti wakija kuomba kibali kwenye mkutano wa kijiji, sharti la kwanza liwe kwamba watarudi kusema walichokuta, kwa Kiswahili cha kueleweka, na liandikwe kwenye muhtasari pamoja na mwezi wa kurudi. Habari za R561H zilisomwa London na Geneva. Ni wangapi Kayanga au Nkwenda walioelezwa kwamba zilitoka kwenye vidole vya watoto wao?

Mwisho ni wewe unayeitwa kushuhudia: mwalimu, katekista, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Usiwe mpambe. Sahihi yako inasema kwamba umeona mtu akielezwa, akaelewa, akakubali bila kusukumwa. Namna ya kujua kama ameelewa ni moja: mwambie akueleze yeye, kwa Kinyambo, bila kuangalia karatasi. Damu inakwenda wapi? Itakaa muda gani? Akikataa itakuwaje? Akikwama, msomaji arudie, hata kama foleni inalalamika na gari la utafiti limeshawashwa. Na visanduku vijazwe na mwenye kidole, baada ya kuulizwa kimoja kimoja.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda na jirani yangu zahanati. Kijana alikuwa bado yupo, na nashukuru hakukasirika. Alitoa fomu, safari hii akasoma ukurasa wa tatu neno kwa neno, nami nikatafsiri. Mama akafikiri kidogo huku akimpapasa mtoto mgongoni. Akakubali itunzwe kwa ajili ya malaria. Akakubali isafiri. Vinasaba vya mwanawe akakataa. Visanduku vilivyokosewa vikafutwa kwa mstari mmoja, vikajazwa upya, tukatia sahihi pembeni pamoja na tarehe. Ilichukua dakika kumi na mbili. Nakala ameiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na stakabadhi za kahawa, na namba ya ushiriki ameikariri.